Kijumba Namba Tano

Mtu anayetia sumu kwenye maji ya watu hayanywi. Koplo Nyamburi alikuwa amelisema hilo jana, akalirudia asubuhi kabla ya chai, na sasa alikuwa amesimama mbele ya meza ya Inspekta Machibya, kituoni Butiama, akilisema tena, na ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Inspekta alikuwa anamenya karanga. Alimenya, akapuliza maganda, akamwambia wapo wezi wanaojikata wenyewe kwa kisu ili waonekane wameibiwa, kwa hiyo midomo ya Chrispin, mtuhumiwa wao, kuchubuka siyo ushahidi wa kitu chochote.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kijiji kimoja kando ya ziwa, kata ya Bukima, kilipata tangi jipya la maji na mashine ya kudondoshea dawa ya kuua vijidudu. Watu wakashangilia, maana ziwa lipo mlangoni lakini maji yake yanawaletea watoto kichocho na kuhara. Asubuhi ya kwanza akina mama wakakinga, watoto wakanywa wakielekea shule, na kabla jua halijawa kali zahanati ilikuwa imejaa. Dawa ilikuwa imedondoka tangini usiku kucha. Midomo iliungua, makoo yaliungua. Hakufa mtu, Mungu asifiwe, lakini yupo binti wa darasa la pili ambaye akipewa maziwa anayatema yakiwa na damu, na mama yake amekaa tu pembeni ya kitanda anamwangalia. Mwenye mtoto anajua kukaa huko kulivyo.

Fundi aliyeiwasha mashine alikuwa Chrispin, kijana wa Kiriba. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kwamba amri ya kuachia dawa ilitolewa kwa neno lake la siri, siyo la mtu mwingine. Wanakijiji walishaanza kutafuta tairi. Ndipo akaletwa Butiama kwa usalama wake, na Inspekta akaona kazi imekwisha.

Lakini mashine pacha na hiyo ilikuwa imeshafungwa Mugeta, huko wilaya ya Bunda, na maji yake yalikuwa yafunguliwe mchana wa leo. Hapo ndipo Nyamburi alipokuwa anakosa usingizi. Kama Chrispin alifanya makusudi, basi Mugeta wako salama. Kama hakufanya makusudi, basi kuna kitu kingine kilichomwaga ile dawa, na kitu hicho hakiko mahabusu.

"Afande, naomba uwapigie Mugeta wasubiri kidogo," alisema.

"Wasubiri nini? Mhalifu tunaye. Wa Mugeta watatiliwa sumu na nani?" Machibya alichukua karanga nyingine. "Turubai zimesimamishwa. Mgeni rasmi yuko njiani. Nikamwambie arudi kwa sababu Koplo Nyamburi anamwonea huruma mtuhumiwa?"

 Akipewa jibu la namna hiyo Nyamburi huwa anahesabu kuanzia moja mpaka hasira ishuke, na siku hiyo haikushuka. Jana nzima alikuwa ameimaliza akimfuatilia Abraham, mwenye punda wa kuuza maji, ambaye bomba la Bukima lilikuwa linamwondolea riziki. Kumbe Abraham usiku ule alikuwa msibani Kiriba, kapika ugali wa matanga mbele ya ukoo mzima, na punda wake walikuwa wamefungwa uani kwa padri. Njia hiyo ikaishia hapo. Akashuka mahabusu.

Chrispin alikuwa anakunywa uji kwa mrija, maana kikombe kilikuwa kinamuumiza. Alikuwa kijana wa kunyoosha shati hata akiwa ndani.

"Kwenye mashine uliandika moja?" Nyamburi aliuliza.

"Niliandika moja."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, afande. Niliikuta ina sifuri. Dumu la dawa limejaa, na maji hayajaanza kupita. Nikasema hapa nikilala hivi, dawa yote itaingia tangini. Nikaandika moja ili isitoke."

"Ili isitoke."

"Ndiyo. Asubuhi nikanywa mimi wa kwanza, ili watu waone maji ni mazuri." Akaugusa mdomo. "Tulikuwaga tunafundishwa hivyo chuoni. Fundi aonje kwanza."

"Nani alikwambia moja ni kuzuia?"

"Kitabu. Kijumba namba tano."

Kitabu hicho cha maelekezo ya mashine kilikuwa kielelezo cha polisi, kimetiwa kwenye mfuko wa nailoni. Nyamburi alikifungua palepale. Kwa asiyejua, mashine ile ndani yake ina chipu, kipande kidogo kama kucha ya kidole gumba, na ndani ya chipu kuna kitu mafundi wanakiita rejista. Rejista ni safu ya vijumba vinane. Kila kijumba kinashika sifuri au moja, na kila kijumba kina kazi yake: hiki taa, hiki pampu, hiki kengele. Fundi anachomeka kompyuta kwa waya, anaandika sifuri au moja, na mashine inatii. Haiulizi ulimaanisha nini. Kwenye kitabu vijumba vile vilichorwa vizuri sana, mistari imenyooka, na kijumba namba tano kilisomeka: PAMPU YA DAWA. Chini yake, kwa herufi ndogo: 1 IMEFUNGWA, 0 HAIJAFUNGWA.

Nyamburi alisoma, akasoma tena. Chrispin alikuwa anasema kweli. Kitabu kilimwambia moja ni kufunga.

Basi mwandishi wa kitabu ndiye mhalifu, akawaza, na akaendesha pikipiki kwa ghadhabu mpaka kwenye ofisi ya Tone Jema, kampuni changa iliyotengeneza mashine hizo. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja palepale Butiama, nyuma ya duka la mbegu. Injinia Edwin, mwenye kampuni, alikuwa hajanyoa tangu habari za Bukima zitokee. Nyamburi alimuuliza kijumba namba tano kikiwa na moja dawa inafanya nini. Edwin akasema inatoka. Na sifuri? Haitoki. Amejaribu mwenyewe, tena si mara moja.

Nyamburi akamwekea kitabu mbele. "Sasa soma."

Edwin akasoma, kisha akainua uso. "Mbona kiko sawa?"

"Soma tena, injinia."

"Nimesoma. Moja, imefungwa. Sifuri, haijafungwa. Hivyo hivyo ndivyo chipu inavyofanya kazi. Kosa liko wapi?"

Nyamburi alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mmoja anasema dawa inazuiwa, mwingine anasema dawa inatoka, na wote wawili wanaonyesha mstari uleule kwamba ndio unaowatetea. Mmoja wao lazima ni mwongo. Tatizo ni kwamba alikuwa amewahoji waongo wengi, na hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekuwa anatokwa jasho mahali ambapo waongo hutokwa jasho.

Akatazama mchoro upya, na safari hii akaona kitu. Namba za vijumba zilianza na saba kushoto, zikateremka mpaka sifuri kulia. Kinyumenyume. Nani anahesabu hivyo? Labda Chrispin alihesabu kutoka kushoto kama binadamu wa kawaida, akaangukia kijumba kingine. Akamuuliza Edwin nani aliyechora. Edwin akasema yeye alitoa maneno tu, kurasa na michoro ilipangwa na mama mmoja wa steshenari, Musoma mjini.

"Panda," Nyamburi alimwambia, akionyesha nyuma ya pikipiki.

"Mimi pikipiki naogopa."

"Na mimi naogopa Mugeta. Panda."

Steshenari ya Mama Matrida ilikuwa karibu na soko, chumba chenye kompyuta, mashine ya fotokopi na joto la kuivisha mkate. Mama Matrida alikuwa mtu mzima wa miwani na maneno makali, na alipoona sare za polisi alidhani ni habari ya kibali cha biashara. Alipoambiwa ni habari ya namba za vijumba, alikunja uso zaidi.

Alisema kila anayeingia pale anamwambia zimekaa nyuma mbele. Mwalimu mmoja alimwambia hivyo. Shemeji yake alimwambia hivyo, naye hajui hata kuwasha simu. Ndivyo vijumba vya chipu vinavyohesabiwa dunia nzima, kuanzia kulia, tena kuanzia sifuri, na yeye alipewa mfano akaufuata. Vijumba ambavyo fundi haruhusiwi kugusa alivitia kijivu. Vyenye majina marefu aliyalaza maneno ubavu. Kazi ile ilimkausha macho. Kisha akamgeukia Nyamburi.

"Huyo fundi wenu aligusa kijumba kingine?"

Nyamburi alifikiri. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa wazi kabisa: namba tano. "Hapana. Aligusa hicho hicho."

"Basi namba zangu ziache."

Njia ya pili nayo ikawa imekufa. Jua lilikuwa linapanda, na huko Mugeta watu walikuwa wanapanga viti. Jasho lilimtiririka Nyamburi mgongoni, akaomba kama kuna feni. Mama Matrida, sauti ikiwa imelainika kidogo, akaonyesha juu.

"Imefungwa leo asubuhi. Washa hapo ukutani."

Nyamburi alinyoosha mkono kwenye swichi. Mkono ukabaki hewani.

"Umesema feni imekuwaje?"

"Imefungwa. Si unaiona?"

"Na nikiwasha, itazunguka."

"Sasa mwanangu, mtu atafunga feni ili isizunguke?"

Edwin alikuwa anafuta miwani kwa shati. Akaacha kufuta. Nyamburi alimwona anaacha, akajua kwamba na yeye limemfikia.

"Injinia," alisema polepole, "ulipoandika pampu imefungwa, ulikuwa na maana gani?"

"Kwamba imefungwa. Ipo. Fundi ameishaifunga kwenye bomba." Sauti ya Edwin ilianza kupungua. "Chipu ikiona moja, inajua pampu ipo, inaanza kuiendesha. Ikiona sifuri, inajua haijafungwa bado, haihangaiki nayo."

"Na Chrispin alisoma kwamba imefungwa. Kama bomba linavyofungwa. Kama mlango."

 Mama Matrida alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Akafungua maneno ya mwanzo aliyoletewa na Edwin, na yalikuwa pale, marefu na wazi: pampu ya dawa imefungwa kwenye bomba na iko tayari kutoa dawa. Ukisoma hayo hukosei, hata uwe na usingizi.

"Mengine mbona hayamo kitabuni?" Nyamburi aliuliza.

Mama Matrida alisema kijumba kile ni chembamba kama ukucha. Alipunguza herufi zikawa kama sisimizi. Akayalaza ubavu. Akayapanga mistari miwili. Bado yalitokeza nje kama mguu wa mtu kwenye kitanda cha mtoto. Akabakiza neno la katikati, akampelekea injinia aidhinishe.

"Na injinia akaidhinisha."

"Niliona imependeza," Edwin alisema.

Hapo wakaanza. Edwin akamuuliza kwa nini akate sentensi ya mtu bila kumuuliza, na Mama Matrida akamuuliza macho yake alikuwa ameyaazima nani siku ya kusoma. Edwin akasema yeye ni mteja. Mama Matrida akasema mteja anayetaka sentensi ya msafara wa harusi ipite kwenye tundu la sindano aende kwa mganga, siyo steshenari. Watu wazima wawili, watoto wa Bukima wako kitandani, na wao wanagombania upana wa kijumba. Nyamburi aliwaacha. Alikuwa anatafuta namba ya Samweli, fundi wa Mugeta.

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na vipaza sauti na kwaya.

"Samweli, ni Koplo Nyamburi wa Butiama. Maji yameshafunguliwa?"

"Bado, afande. Mgeni rasmi ndiyo anashuka kwenye gari."

"Wasiyafungue. Dawa inaingia tangini."

"Haiwezi kuingia. Imefungwa."

"Najua imefungwa. Ndiyo maana inaingia."

Kwaya ilififia, Samweli akisogea mbali nayo. "Sijakuelewa, afande."

"Uliikuta na sifuri, ukaandika moja."

"Ndiyo. Jana jioni. Ilikuwa haijafungwa, nikaifunga. Baada ya yale ya Bukima, mimi nisingelala bila kuifunga."

Edwin akampokonya simu. Akasema kwa haraka kwamba hiyo ni kufungwa ya kufungwa, siyo kufungwa ya kufungwa, kwamba moja ni kufungwa ya kuwepo, na kama anataka ifungwe inabidi iwe haijafungwa. Sauti ya Samweli ilisikika mpaka mlangoni, ya upole kabisa: "Injinia, umekunywa?"

Nyamburi aliichukua simu yake. Aliona kwamba kila neno atakaloliokota litamgeukia mkononi. Funga, usifunge, fungua, yote yalikuwa yameharibika. Akaacha maneno.

"Samweli. Kompyuta iache. Panda ngazi ya tangi, funua mfuniko, unuse."

"Sasa hivi? Afande, nimevaa suti. Wananiita nipeane mkono na mgeni."

"Mama yako anakaa wapi?"

"Ni wa hapa hapa Mugeta. Yupo kwenye foleni na ndoo yake." Akasita. "Yuko mbele kabisa. Nilimwambia awahi."

"Panda, baba."

Wakasikia viatu kwenye ngazi ya chuma. Wakasikia mtu akimuuliza anapanda wapi, na mwingine akicheka. Mama Matrida alikuwa ameivua miwani na kuishika kifuani. Wakasikia mfuniko ukikwaruza. Halafu hawakusikia chochote, halafu wakasikia Samweli anakohoa, kikohozi kile cha kukaba ambacho zahanati ya Bukima ilijaa nacho, na baada yake sauti yake ikitoka pembeni ya simu, ikiwaambia watu wa chini wasiguse bomba, mama ondoka hapo, ondoka na ndoo yako.

Ilichukua muda. Nyamburi alimwelekeza achomoe mpira wa dawa kwa mkono, dumu aliteremshe chini, maji yote yamwagwe mbali na kisima na mifugo. Kwaya ilinyamaza. Kipaza sauti kikatangaza dharura ndogo ya kiufundi. Watu walianza kunung'unika, maana kumwaga maji mbele ya mtu wa Mugeta msimu ule wa kiangazi ni kama kumtukania mama yake, na mzee mmoja alisikika akisema vijana wa siku hizi wanasoma mpaka wanasahau kufungua bomba. Hakuna aliyemshukuru Samweli. Watoto wote waliokuwa pale walikuwa wazima, na mtoto mzima hakumbuki kushukuru, na mama yake pia hajui ashukuru nini.

Nyamburi alimpigia Machibya. Alimweleza kwa kifupi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakusikia karanga. Inspekta aliuliza kama Mugeta kuna aliyekunywa. Akaambiwa hakuna. Akasema Chrispin atamtoa mwenyewe, na atamtafutia gari la kumfikisha Kiriba bila kupitia Bukima. Hakusema samahani. Nyamburi hakuwa ameitegemea.

Akampigia tena Samweli ili apate maelezo yake. Kijana alisema amekaa chini, na alisikika akipumua kwa nguvu. Akasema kitabu kile alikiamini kwa sababu kilichorwa kwa ustadi, hajawahi kuona michoro safi namna ile kwa Kiswahili, vitabu vyao mafundi huwaga ni vya Kichina na Kiingereza tupu.

"Ndiyo maana nikaupiga picha," alisema. "Ule ukurasa wa vijumba. Nikawarushia mafundi wenzangu kwenye kundi letu, wajifunze."

Nyamburi aliisogeza simu sikioni. "Kundi la mafundi wa wapi?"

"Wa mkoa mzima, afande. Na wengine wa Simiyu."

Ndani ya steshenari feni ilikuwa bado haijawashwa. Edwin alikaa kwenye kiti cha wateja akajishika kichwa. Kuwaandikia watu wapuuze picha hakungesaidia, alisema, picha ikisharushwa inarushwa tena, na maneno ya kuikanusha yanabaki nyuma. Nyamburi alilijua hilo. Dawa yake ilikuwa moja tu: ukurasa mwingine, mzuri kuliko ule, utakaorushwa kwa sababu hiyo hiyo ya uzuri.

"Mama," alisema, "chora upya. Sasa hivi, tupo hapa."

Mama Matrida alikuwa ameshakaa. Safu ya vijumba vinane ikatokea kwenye kioo, mistari yake imenyooka, vya kijivu na vyeupe. Akafuta neno kwenye namba tano, kikabaki kitupu.

"Niandike nini?"

Edwin akasema imesimikwa. Mama Matrida akamtazama, akasema kinachosimikwa ni chifu. Edwin akasema imewekwa. Imewekwa nini, moja au sifuri? Imeunganishwa. Hilo ni refu, na bado halisemi dawa inafanya nini. Wote watatu wakakikodolea macho kijumba kile, watu waliozungumza Kiswahili tangu utotoni na sasa wamekosa neno.

"Andika, dawa inatoka," Nyamburi alisema. "Na kwenye sifuri, dawa haitoki."

Mama Matrida aliandika. Maneno yakavuka mstari, yakaingia kwa jirani. "Hayaenei."

"Panua kijumba."

"Nikikipanua hiki peke yake, safu yote itaharibika. Havitalingana. Watu wataona ni kazi ya mtu asiyejua."

"Panua kijumba, mama."